Ralph Vaughan Williams: Mtungaji wa Muziki na Mkusanyaji wa Nyimbo

Wimbo ukiandikwa kitabuni hubaki nusu. Wataalamu wengi waliokusanya tenzi na mashairi ya Kiswahili waliyahifadhi maneno, wakahesabu mizani na kupanga vina, lakini mahadhi waliyoyasikia kwa masikio yao aghalabu hayakuingia katika kurasa walizopiga chapa. Huko Uingereza, mwanzoni mwa karne ya ishirini, jambo hilo lilitendeka kinyume chake. Watu waliotoka mijini kwenda kukusanya nyimbo za wakulima na wavuvi walikuwa wengi wao ni watu wa muziki. Basi waliyakimbilia mahadhi kwanza, na maneno wakayaandika nusu, au wakayaacha kabisa. Mashuhuri kati yao, ingawa si yeye aliyekusanya nyimbo nyingi kuliko wote, alikuwa Ralph Vaughan Williams, mtungaji wa simfoni tisa na mmoja wa watu waliourudishia muziki wa Kiingereza heshima yake. Kwa sababu hiyo maisha yake yawafaa hata wachunguzi wa lugha, walio na wasiwasi wa daima juu ya yale yanayopotea baina ya mdomo wa mwimbaji na kalamu ya mwandishi.

Alizaliwa tarehe 12 Oktoba, 1872, katika kijiji cha Down Ampney, jimbo la Gloucestershire, ambako baba yake alikuwa kasisi wa kanisa. Jina lake la kwanza alitaka litamkwe Reif, kwa desturi ya zamani, wala si kama lilivyoandikwa, na wale waliolitamka vinginevyo walimwudhi. Baba alikufa mwaka wa 1875, mtoto akiwa bado hajatimiza miaka mitatu. Mama akawachukua watoto wake akarejea nao kwa jamaa zake, katika nyumba ya Leith Hill Place, jimbo la Surrey. Mama huyo alikuwa wa ukoo wa Wedgwood, wafinyanzi wakubwa wa vyombo vya udongo, na Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe, alikuwa mjomba wake. Ulikuwa ukoo wa watu wenye mali na wenye kufikiri kwa uhuru. Hivyo kijana hakulazimika kutafuta riziki kwa haraka, jambo ambalo yapasa kukumbukwa kila inapotajwa huruma yake kwa maskini.

Mafunzo yake yalikwenda polepole mno. Alisoma katika Chuo cha Kifalme cha Muziki mjini London chini ya Hubert Parry, na baadaye chini ya Charles Stanford. Katikati akasoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1897 alikwenda Berlin kwa Max Bruch, na hata alipofika umri wa miaka thelathini na mitano hakuona haya kuwa mwanafunzi tena, akaenda Paris kwa muda wa miezi mitatu kufundishwa na Maurice Ravel, mtu mdogo wake kwa miaka miwili na zaidi. Lakini mwalimu aliyemfaa kuliko wote hakuwa mwalimu. Mwaka wa 1895 alikutana chuoni na Gustav Holst, kijana maskini kuliko yeye. Wakafanya mapatano ya kuonyeshana kazi zao na kukosoana bila kuoneana haya, nao wakaendelea hivyo mpaka Holst alipokufa mwaka wa 1934. (Holst naye ana hadithi yake ambayo wanafunzi wa lugha wangeipenda: alipotaka kutunga muziki juu ya tenzi za kale za Kihindi, na tafsiri alizoziona zikamkinaisha, alianza kujifunza Kisanskriti akafasiri mwenyewe.)

Hali ya muziki wa Uingereza siku zile ilikuwa ya kusikitisha. Tangu alipokufa Henry Purcell mwaka wa 1695, nchi ilikuwa imekaa muda mrefu ikitegemea wageni, Handel kwanza na Mendelssohn baadaye, na wenyeji waliotunga walitunga kwa kuwaiga Wajerumani. Iko siku Mjerumani mmoja aliiandikia kitabu akaiita nchi isiyo na muziki. Vaughan Williams aliona kwamba mwigo ule haukuwa wa sauti peke yake, bali ulikuwa ni wa lugha pia. Kiingereza ni lugha ya mkazo. Silabi moja hupigwa kwa nguvu na nyingine humezwa, na mkazo wenyewe huhama kutoka neno hadi neno. Mahadhi yaliyozaliwa katika Kijerumani au Kiitaliano, yakivikwa maneno ya Kiingereza, huyabana kama nguo ya mtu mwingine. Lakini watu wasiosoma muziki wa mtu yeyote, je, wao waliimbaje?

Jibu alilipata katika jimbo la Essex. Mwaka wa 1903 alitoa mihadhara mjini Brentwood juu ya nyimbo za jadi, na wakati huo alikuwa akizijua kwa vitabu tu. Baada ya mhadhara alialikwa katika kijiji jirani cha Ingrave, kwenye karamu ya chai ya wazee. Mzee mmoja miongoni mwao, Charles Potiphar, mfanyakazi wa shambani aliyepita miaka sabini, hakutaka kuimba mbele ya hadhara ile, lakini alisema angeimba nyumbani kwake. Siku ya pili, tarehe 4 Desemba, Vaughan Williams alimwendea, na wimbo wa kwanza aliousikia ulikuwa wa mapenzi, uitwao Bushes and Briars. Baadaye alieleza kwamba ilikuwa kama anakisikia kitu alichokijua maisha yake yote. Katika miaka kumi iliyofuata alikusanya nyimbo zaidi ya 800, akienda kwa miguu na kwa baiskeli katika Essex, Norfolk, Sussex, Surrey na kwingineko, akiingia katika vilabu vya pombe, nyumba za maskini na vibanda vya wavuvi.

Mahadhi mengi aliyoyasikia hayakufuata zile ngazi mbili za sauti, meja na maina, ambazo shule za muziki za Ulaya zilikuwa zimezifanya sheria tangu karne ya kumi na saba. Yalifuata ngazi za kale zaidi. Ngazi ya Doria, kwa mfano, husikika mtu akipiga vibao vyeupe vya piano kutoka sauti ya D hadi D ya juu yake, bila kugusa kibao cheusi hata kimoja. Katika ngazi hiyo sauti ya saba iko hatua nzima chini ya sauti ya mwisho, wala si nusu hatua kama katika meja. Basi wimbo unapofika kwake haufiki kwa kusukumwa, bali hutua kama ndege. Wakusanyaji wa kwanza walidhani wazee walikuwa wakikosea, na wengine wakawasahihisha kwenye karatasi. Vaughan Williams hakuwasahihisha. Aliandika alichokisikia, na mwimbaji alipobadili sauti katika ubeti wa tatu, mara nyingi aliyaandika mabadiliko hayo pia.

Hata hivyo sikio hilo angavu halikuyafikia maneno. Mara nyingi daftari zake zina mahadhi kamili na ubeti mmoja tu chini yake, au mstari wa kwanza peke yake. Sababu alizokuwa nazo si za upuuzi. Nyingi za nyimbo hizo zilikuwa zimekwisha pigwa chapa katika vikaratasi vya senti moja vilivyouzwa barabarani tangu zamani, na mkusanyaji aliamini kwamba maneno yalikuwa salama huko, ilhali mahadhi yangekufa pamoja na wazee. Muda nao ulikuwa mchache. Lakini maneno ya kikaratasi si maneno ya mwimbaji. Mtu aliyeimba wimbo kwa miaka hamsini ameugeuza: amelitupa neno la mjini asilolijua, ametia jina la mto wa kwao, amesahau ubeti na kuziba pengo. Hayo ndiyo ambayo mchunguzi wa lugha angeyataka, nayo ndiyo yaliyokwenda. Mwaustralia Percy Grainger, aliyekusanya nyimbo Lincolnshire wakati uleule, alitumia mashine ya kunasia sauti kwa mitungi ya nta, akahifadhi pumzi, kigugumizi, na namna kila mwimbaji alivyolikata neno lake. Wakubwa wa chama cha nyimbo za jadi hawakuipenda mashine ile. Leo ni vigumu kukubaliana nao.

Waimbaji wenyewe walikuwa na fikira zao juu ya jambo hili. Husimuliwa kwamba mwimbaji mmoja wa kijijini, alipoulizwa mahadhi yake yalitoka wapi, alijibu kwamba mtu akishayapata maneno, mahadhi humjia kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Kwa mzee huyo neno lilikuwa mzazi, na sauti mtoto. Mkusanyaji alishika njia iliyo kinyume kabisa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa bandari ya King's Lynn, Norfolk. Mnamo Januari, 1905, Vaughan Williams alikaa huko siku chache akiwasikiliza wavuvi wa mtaa wa North End. Mmoja wao, James Carter, alimwimbia The Captain's Apprentice, wimbo wa nahodha anayekiri, mbele ya hukumu, jinsi alivyomtesa mtoto maskini aliyekabidhiwa kwake chomboni mpaka mtoto akafa. Mahadhi yake ni mazito, yanapanda mara moja kwa uchungu kisha yanashuka kwa hatua fupifupi. Mtungaji aliyachukua akayatia katika Norfolk Rhapsody ya kwanza, iliyopigwa London mwaka wa 1906. Humo wimbo huimbwa na viola peke yake, ndugu mkubwa wa fidla, juu ya ukimya wa okestra. Ni mahali pazuri sana. Msikilizaji aketiye ukumbini huona mbele yake pwani ya chumvi, ukungu na ndege wa baharini, naye hufurahi. Wala hajui kwamba anasikiliza habari ya mtoto aliyepigwa mpaka kufa. Je, mtungaji alimhifadhi yule mtoto, au alimzika mara ya pili? Watu wa muziki hujibu kwamba uchungu umo katika sauti zenyewe. Huenda ni kweli kwa mwenye kujua hadithi. Kwa asiyejua, kilichobaki ni huzuni isiyo na mwenyewe.

Katika miaka hiyohiyo alikuwa na kazi nyingine iliyoyatenga maneno na mahadhi kwa makusudi. Mwaka wa 1904 kasisi Percy Dearmer alimtaka awe mhariri wa muziki wa kitabu kipya cha nyimbo za kanisa. Vaughan Williams alishangaa, maana hakuwa mtu wa dini. Hata Cambridge alijulikana kama asiyeamini, na uzeeni alikuwa mtu asemaye kwamba hajui. Aliambiwa kazi ingekuwa ya miezi miwili. Ilimchukua miaka miwili, na fedha zake mwenyewe kiasi cha pauni 250. Kitabu hicho, The English Hymnal, kilitoka mwaka wa 1906. Aliifanya kazi hiyo kwa imani moja aliyokuwa nayo, kwamba mahadhi mabaya huwaharibu watu tabia, na kwamba mafundi na wachuuzi ambao hawasikii muziki mwingine wowote ila wa Jumapili wana haki ya kupewa ulio bora.

Basi akaleta kanisani mahadhi ya vijijini. Wimbo wa kijana wa plau na ndoto yake, alioupata katika kijiji cha Forest Green, ukawa mahadhi ya wimbo wa Noeli juu ya mji wa Bethlehemu. Wimbo wa mapenzi na vita aliouimba Bibi Harriet Verrall, wa Monk's Gate katika Sussex, ukavikwa maneno ya John Bunyan juu ya msafiri shujaa. Na kama kwamba hayo hayakutosha, Dearmer aliyabadili hata maneno ya Bunyan, akayafukuza mazimwi yaliyokuwamo. Hivyo wimbo mmoja ukapata mahadhi yasiyokuwa yake na maneno yasiyokuwa yake, nao ukapendwa kote Uingereza. Kila mahadhi katika kitabu hicho yana jina, na haya yaliyotoka vijijini yaliitwa kwa majina ya vijiji: Forest Green, Monks Gate, King's Lynn. Waimbaji hawakutajwa, juu ya ukurasa iliandikwa tu kwamba ni mahadhi ya jadi ya Kiingereza. Mtungaji naye alijificha: yale aliyoyatunga mwenyewe kwa wimbo wa Roho Mtakatifu, ambayo wengi huyahesabu kuwa mazuri kuliko yote kitabuni, aliyaita Down Ampney.

Kitabu hicho kilimpa jambo jingine asilolitazamia. Katika kutafuta nyimbo za kale alikuta mahadhi tisa aliyoyatunga Thomas Tallis kwa zaburi za Askofu Mkuu Parker, katika mwaka wa 1567. La tatu katika hayo lilimkaa moyoni. Mwaka wa 1910, tarehe 6 Septemba, katika kanisa kuu la Gloucester, alisimama mwenyewe kuongoza kazi aliyoijenga juu yake, Fantasia on a Theme by Thomas Tallis. Ina vyombo vya nyuzi tu, lakini vimegawanywa makundi matatu: okestra kubwa, kikundi cha watu tisa waliotengwa mbali kidogo, na wapigaji wanne peke yao. Kundi moja hutoa sauti na jingine huijibu kwa mbali, kama kwamba kuta za mawe ndizo zinazojibu. Mwezi uliofuata, siku aliyotimiza miaka thelathini na minane, kwaya ya Leeds iliimba simfoni yake ya kwanza, A Sea Symphony, juu ya mashairi ya Mmarekani Walt Whitman. Mtu aliyechelewa kujifunza alikuwa amefika.

Vita vya 1914 vilimkuta na umri unaokaribia miaka arobaini na miwili. Hakulazimika kwenda, akaenda, tena kama askari wa kawaida katika kikosi cha matabibu, akibeba majeruhi Ufaransa na baadaye Salonika. Mwishoni alifanywa ofisa wa mizinga, na mshindo wa mizinga hiyo uliyaharibu masikio yake, akawa kiziwi uzeeni. Rafiki yake George Butterworth, mkusanyaji wa nyimbo kama yeye, ambaye ndiye aliyemhimiza kutunga A London Symphony, aliuawa Somme mwaka wa 1916. Simfoni ya tatu, A Pastoral Symphony, iliyotoka mwaka wa 1922, ilidhaniwa na wengi kuwa ni picha ya malisho na ng'ombe wa Kiingereza, na wengine wakaicheka. Mtungaji hakuwakatalia kwa muda mrefu. Baadaye tu aliandika kwamba ni muziki wa vita, kwamba mandhari yake ni ya Ufaransa, alikokuwa akipanda kilima jioni baada ya jioni na gari la wagonjwa. Katika sehemu ya pili tarumbeta hulia peke yake, kwa kukumbuka askari aliyekuwa akijizoeza hapo kambini na kuikosa sauti aliyoikusudia. Katika sehemu ya mwisho mwanamke huimba kutoka mbali, naye haimbi neno lolote. Hapa hakuna maneno yaliyoachwa shambani kwa uvivu. Mwimbaji huyu amenyang'anywa maneno, na kila asikiaye hujua kwa nini.

Juu ya simfoni zilizofuata yametosha maandishi ya wengine. Ya nne, ya mwaka wa 1935, iliwashtua watu kwa ukali wake. Ya tano, ya 1943, katikati ya vita vya pili, iliwatuliza. Ya sita, ya 1948, inamalizika kwa sehemu nzima inayonong'ona bila kuinua sauti hata mara moja, na katika muda wa miaka miwili na zaidi kidogo ilipigwa kiasi cha mara mia moja. Watu walisema inaonyesha dunia baada ya bomu la atomiki. Yeye alichukizwa na maelezo hayo. Kwa miaka hiyo yote alifundisha chuoni, akaongoza waimbaji wa vijijini katika tamasha la Leith Hill kuanzia mwaka wa 1905 hadi 1953, akakataa cheo cha Sir, akakubali nishani ya Order of Merit mwaka wa 1935. Redio ya BBC ilipompiga marufuku mtungaji Alan Bush, mwaka wa 1941, kwa sababu ya siasa yake ya kikomunisti, Vaughan Williams, asiyekubaliana na siasa hiyo hata kidogo, aliurudisha wimbo na malipo aliyokuwa amepewa na BBC hiyohiyo.

Kazi iliyomkaa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya maneno kama ya sauti. Tangu mwaka wa 1906 alikuwa akijaribu kukifanya opera kitabu cha Bunyan, The Pilgrim's Progress, ambacho kimefasiriwa hata kwa Kiswahili. Aliifanya kazi, akaiacha, akaichukulia sehemu zake katika simfoni ya tano akidhani haitakwisha, kisha akairudia. Jina la msafiri, ambalo katika Bunyan ni Mkristo, aliligeuza kuwa Msafiri tu, ili kila mwanadamu wa kila dini ajione humo. Ilionyeshwa Covent Garden mwaka wa 1951, na mapokezi yakawa baridi. Wakosoaji walisema ni ya kanisani, si ya jukwaani. Yeye alisikitika, lakini hakuipeleka kanisani. Mwaka huo alikufa mkewe Adeline, aliyeugua kwa miaka mingi. Mwaka wa 1953 alimwoa mshairi Ursula Wood, ambaye baada yake aliandika habari za maisha yake.

Simfoni ya tisa ilisikika mnamo Aprili, 1958. Tarehe 26 Agosti mwaka uleule alifariki mjini London, umri wake ukikaribia miaka themanini na sita, na majivu yake yakazikwa Westminster Abbey, karibu na Purcell. Malipo ya kupigwa kwa kazi zake alikuwa amekwisha yaelekeza, tangu mwaka wa 1956, katika mfuko wa kuwasaidia watungaji wengine.

Katika siku zake za mwisho alikuwa akitengeneza kitabu pamoja na A. L. Lloyd, mtu ambaye kwake maneno ya wimbo na maisha ya mwimbaji yalikuwa na uzito sawa na mahadhi. Kitabu hicho, The Penguin Book of English Folk Songs, kilitoka mwaka wa 1959. Pale ambapo mkusanyaji wa zamani alikuwa ameandika ubeti mmoja tu, Lloyd alitafuta beti zilizobaki kwa waimbaji wengine na katika vikaratasi vya senti moja, na maelezo mwishoni yanasema zilikotoka. Na katika kila wimbo limeandikwa jina la aliyeuimba, kijiji chake na mwaka.